Caspar David Friedrich na Msalaba Juu ya Mlima

Katika mji wa Dresden, Ujerumani, imo picha moja ya mlima ambayo twaona yafaa kujulikana na Wakristo wa Meru na Arusha, maana sisi nasi twakaa chini ya mlima. Aliyeichora ni Caspar David Friedrich, mtu aliyelelewa katika imani ya Kilutheri.

Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1774 katika mji wa Greifswald, kando ya bahari ya Baltiki, mtoto wa sita katika watoto kumi. Baba yake alikuwa mpika sabuni na mfanyiza mishumaa. Misiba ilimjia angali mdogo. Mwaka 1781 mama yake akafa. Mwaka 1787 ndugu yake Johann Christoffer akafa maji, barafu ilipovunjika chini ya miguu yake. Tena husimuliwa ya kuwa alikuwa akijaribu kumwokoa Caspar mwenyewe. Mwaka 1794 Friedrich akaenda Copenhagen kujifunza uchoraji, na mwaka 1798 akahamia Dresden, akakaa huko hata kufa kwake.

Wakati wa Noeli ya mwaka 1808 akafungua chumba chake cha kazi, ili watu waje kuitazama picha mpya. Ilikuwa na umbo la picha ya madhabahu, lakini hamkuwamo mitume wala umati wa watu. Kulikuwa na kilele cha mwamba, misunobari, mbingu ya jioni, na juu ya kilele msalaba mwembamba wenye sanamu ya Bwana. Katika fremu zilichongwa mitende na vichwa vya malaika. Na chini yake masuke ya ngano na mizabibu, ishara za Meza ya Bwana, zikilizunguka Jicho la Mungu.

Watu wengine walinyamaza kwa kicho. Lakini mwaka 1809 mtaalamu mmoja, Basilius von Ramdohr, aliikemea hadharani, akisema kwamba picha ya milima na miti haina haki ya kujipenyeza kanisani na kupanda madhabahuni. Neno hili si la kudharauliwa. Nasi twaweza kuuliza: Je, mtu aonyeshwaye mlima mahali pa sala hataabudu kiumbe badala ya Muumba?

Friedrich alijibu kwa kueleza maana ya picha yake. Mwamba ni imani isiyotikisika. Misunobari, ambayo haipukutishi majani wakati wa baridi, ni tumaini la wanadamu kwa Yeye aliyesulibiwa. Jua linalotua ni Mungu Baba, ambaye wanadamu hawamwoni tena uso kwa uso. Na sanamu ya Bwana ni ya madini safi. Imelielekea jua, nayo hupokea mwanga wake na kuurudisha duniani.

Basi, tazameni. Anayeiangalia picha hii amesimama upande wa giza, wala jua halioni. Nuru yote aipatayo yapitia kwake Msulibiwa. Mlima hauabudiwi, kazi yake ni kuuchukua msalaba. Walio upande wa mashariki wa Meru wataelewa upesi, kwa maana jua likiisha kujificha nyuma ya mlima wetu, na kivuli kikatufunika, theluji ya Kibo huendelea kung'aa kitambo. Hapo twajua ya kuwa jua lingaliko, ingawa hatulioni.

Mwaka 1818 Friedrich alimwoa Caroline Bommer, wakapata watoto. Mwaka 1835 akapigwa na kiharusi, na mkono wake ukadhoofika. Akafariki Dresden tarehe 7 Mei 1840, maskini, akiwa karibu kusahauliwa. Na sifa yake haikuinuka tena mpaka maonyesho makubwa ya Berlin ya mwaka 1906.

Katika miaka ya ugonjwa wake, yaani mwaka 1836, Walutheri wa mji huohuo wa Dresden waliunda chama cha misioni, ambacho baadaye kilihamia Leipzig. Hao ndio waliotuma wajumbe Kilimanjaro mwaka 1893. Mwaka 1896 wawili wao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, na adhabu ya serikali ya Kijerumani ikaangamiza watu wengi wa Meru na Arusha. Jua lilikuwa limetua kweli kweli juu ya mlima huu. Hata hivyo mwaka 1902 kituo kikaanzishwa Nkoaranga, na mwaka 1904 Ilboru. Na watoto wa walioomboleza wakaja kusikia habari za msalaba.

Walimu wanaofundisha Zaburi ya 121 wawaeleze wanafunzi wao habari za picha hii. Macho yakiinuliwa mlimani, yasiishie kwenye mawe yake.