Muhammad Ali Pasha na Mfereji wa Iskanderia

Mvua inyeshayo vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, huingia mto Gucha, ikapita nchi ya Kisii hadi Ziwa Viktoria, na huko Jinja ikashika njia ya Nili. Tone lisilonyweka njiani wala kukaushwa na jua hufika Misri, alikotawala mtu aliyetaka maji hayo yachukue vyombo mpaka Iskanderia.

Muhammad Ali alizaliwa mwaka 1769 mjini Kavala, ambao leo u katika Uyunani. Alifiwa na babake angali mdogo, akafanya biashara ya tumbaku, na mwaka 1801 akaja Misri pamoja na askari wa Sultani wa Uturuki. Miaka minne baadaye yeye ndiye Wali. Kusoma alijifunza ukubwani, umri umeshapita arubaini. Mamaluki, mahasimu wake, aliwaalika ngomeni Cairo mwaka 1811 kwa sherehe, akawaua. Hayo tusiyafiche kwa sababu ni Mwislamu mwenzetu.

Mwaka 1817 aliamuru uchimbwe mfereji wa Mahmudiyya, zaidi ya kilomita 70. Wakulima walikusanywa kwa nguvu, mamia ya maelfu, wengi wakifukua kwa mikono mitupu. Maelfu walikufa kwa njaa, kiu na kazi.

Mwaka 1820 ukesha. Lakini pale Atfeh, mfereji ulipokutana na mto, palikuwa pamezibwa. Vyombo vilisimama, wapagazi wakahamisha shehena kwa mabega hadi vyombo vya upande wa pili. Nahodha yeyote wa pwani yetu aijua hasara ya kupakua mara mbili! Katika miaka ya 1840 ndipo yalipojengwa malango ya maji. Chombo huingia baina ya milango miwili, wa nyuma ukafungwa, maji yakaachiliwa yakakiinua au kukishusha taratibu mpaka yalingane na ya mbele. Kisha mlango wa mbele hufunguliwa, kikenda zake.

Alitaka pia kuuzuia Nili chini ya Cairo. Yasimuliwa kwamba aliagiza mapiramidi yavunjwe yapatikane mawe, na mhandisi wake Mfaransa, Linant, akamwepusha na shari hiyo kwa hesabu tu: kuchonga mawe mapya ni rahisi zaidi.

Alifariki Iskanderia tarehe 2 Agosti 1849, akili zimemtoka, mwanawe Ibrahim ameshamtangulia. Maiti yake ilipelekwa Cairo kwa chombo, kwa mfereji ule ule, na kaburi lake limo katika msikiti wake ngomeni.