Rwagasore: Mwana wa mfalme aliyesimama na waliotengwa

Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Nasaba yake ilimtosha kuishi kwa raha miongoni mwa wakubwa wenzake. Yeye alitafuta marafiki kwingine, wakiwemo Waswahili.

Chini ya utawala wa Ubelgiji, Waislamu waliozungumza Kiswahili waliishi katika vitongoji vyao, kuanzia Buyenzi mjini Usumbura, Bujumbura ya leo, hadi Gitega na Muyinga. Wengi walihesabiwa kuwa wageni hata katika nchi waliyozaliwa. Jina lao lenyewe liligeuka tusi katika Kirundi, likimaanisha mtu mlaghai.

Mwaka 1957, baada ya masomo yake Ubelgiji, Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, na wachuuzi Waswahili wakawa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema. Ushirika ulielemewa na matatizo ya fedha, lakini urafiki ule haukufa. Ulihamia katika chama cha UPRONA, kilichodai uhuru.

Kisha zamu ya kutengwa ikamfikia mwenyewe. Mwaka 1960, jamaa wa karibu wa Mwami walizuiwa kushiriki siasa. Mwezi Oktoba, Wabelgiji walimweka kizuizini Bururi, na uchaguzi wa serikali za mitaa ukafanyika bila yeye. UPRONA ilishindwa.

Aliachiwa mwezi Desemba. Tarehe 18 Septemba 1961, chama chake kilipata viti 58 kati ya 64 vya bunge. Akiwa na sababu tele za kulipiza kisasi, aliwasihi wafuasi wake walinde amani na kuwaheshimu walioshindwa.

Muda wa uongozi wake ulikuwa mfupi. Tarehe 13 Oktoba, majuma machache tu baada ya kuwa waziri mkuu, alipigwa risasi na Mgiriki Jean Kageorgis katika hoteli kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Nasaha yake ya kusameheana haikudumu. Januari 1963, watu watano waliohukumiwa kwa njama hiyo walinyongwa hadharani Gitega, mji uleule alikozaliwa. Kila tarehe 13 Oktoba Warundi humkumbuka kuwa shujaa wa uhuru. Kwa waliowahi kuitwa wageni nyumbani kwao, alikuwa pia mkuu aliyewahesabu kuwa raia.