Gil Hodges, Mlinzi wa Kituo cha Kwanza

Katika toleo hili tunaeleza maisha ya Gil Hodges, mchezaji wa besiboli wa Marekani aliyefariki mwaka 1972. Tunajua kwamba wasomaji wetu wengi parokiani hawajawahi kuuona mchezo huo, na sisi wenyewe hapa seminarini tunacheza mpira wa miguu na wavu. Lakini jina la Hodges linaambatana na tukio ambalo si la kila siku: padre kusimama mbele ya waamini na kuwaomba wamwombee mchezaji aliyekuwa ameshindwa kabisa kuupiga mpira. Ili tukio hilo lieleweke, ni lazima tuanze mbali kidogo.

Hodges alizaliwa tarehe 4 Aprili 1924 huko Princeton, jimbo la Indiana, akakulia katika mji mdogo wa Petersburg. Baba yake alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe. Kijana alisoma kwa muda katika Chuo cha Mtakatifu Yosefu, chuo cha Kikatoliki kilichokuwa Rensselaer, kisha mwaka 1943 akasajiliwa na Brooklyn Dodgers, timu ya mtaa mkubwa wa New York. Alicheza mchezo mmoja tu, tarehe 3 Oktoba 1943, akaenda vitani. Alipigana Okinawa akiwa askari wa kikosi cha Marine, akarudi na nishani ya Nyota ya Shaba, na inasemekana vita hakuvizungumzia sana.

Alirudi Brooklyn mwaka 1947, mwaka uleule Jackie Robinson alipovunja ukuta uliowazuia Weusi kucheza katika ligi kuu. Mwaka 1948 akapewa kituo cha kwanza, na mwezi Desemba akamwoa Joan Lombardi, binti wa Brooklyn. Wachezaji wengi huondoka mjini msimu ukiisha. Yeye alihamia moja kwa moja, akawa jirani wa watu waliokuwa wakimshangilia uwanjani. Alikuwa na viganja vikubwa mno, hata wenzake wakamtania kwamba glavu aliivaa kwa desturi tu.

Sasa mchezo wenyewe, kwa kifupi. Kila timu hupata zamu tisa za kupiga. Mrushaji wa timu pinzani hurusha mpira, mpigaji huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kupitia vituo vinne. Akivimaliza vyote, timu yake imepata pointi. Watatu wakitolewa, zamu imekwisha. Mpira ukipigwa ukavuka uzio, mpigaji na wenzake wote waliokwisha kusimama vituoni hurudi nyumbani bila kuzuiwa. Hiyo ndiyo homurani. Hakuna saa wala filimbi ya dakika ya 90, kwa hiyo timu inayoongoza haiwezi kupoteza muda. Ni lazima imtoe mtu wa mwisho.

Mwaka 1951 Dodgers waliongoza Ligi ya Taifa kwa pengo kubwa hadi katikati ya Agosti. Majirani zao, New York Giants, wakawafikia, msimu ukaisha timu hizo zikiwa sawa. Zikapangiwa michezo mitatu ya kuamua bingwa, na baada ya miwili kila mmoja alikuwa ameshinda mara moja. Wa tatu ulichezwa tarehe 3 Oktoba 1951 katika uwanja wa Polo Grounds, miaka minane kamili tangu ule mchezo wa kwanza wa Hodges.

Zamu ya mwisho ya Giants ilipoanza, Dodgers waliongoza kwa 4 dhidi ya 1. Mpigaji wa kwanza, Alvin Dark, aliupiga mpira wa chini upande wa kulia. Hodges alijinyoosha, ukagusa ncha ya glavu yake na kupita. Dark akasimama kituo cha kwanza. Hapo likafuata jambo ambalo wapenzi wa mchezo huo bado wanalibishania. Mlinzi wa kituo cha kwanza hukaa karibu na kituo ili mkimbiaji asichomoke mapema, lakini akikaa hapo anaacha mwanya mpana upande wake wa kulia. Kwa timu inayoongoza kwa pointi tatu, mkimbiaji mmoja si hatari, na kilichotakiwa ni kuuziba mwanya. Hodges alibaki kituoni, na kocha wake, Charlie Dressen, hakumrudisha nyuma. Don Mueller akaupitisha mpira mlemle mwanyani.

Mpigaji wa tatu, Monte Irvin, aliupiga juu, Hodges akaudaka, mtu mmoja akawa ametoka. Whitey Lockman akapiga vizuri, Dark akarudi nyumbani: 4 kwa 2, na wakimbiaji wawili vituoni. Dressen akambadilisha mrushaji, akamwingiza Ralph Branca. Branca alirusha mara mbili. Mpira wa pili Bobby Thomson aliupeleka juu ya ukuta wa upande wa kushoto, na watu watatu wakarudi nyumbani. 5 kwa 4. Mchezo uliisha palepale, kwa kuwa Dodgers hawakuwa na zamu nyingine.

Branca, Mkatoliki kama Hodges, alimuuliza jioni hiyo padre aliyekuwa jamaa ya mchumba wake kwa nini yeye. Padre akamjibu kwamba Mungu alimchagua kwa sababu alijua ataweza kuubeba msalaba huo. Sisi jibu hilo hatulimezi kirahisi. Darasani tumezoea kutofautisha kile anachokiruhusu Mungu na kile anachokitaka. Hata hivyo Branca alilishika jibu hilo maisha yake yote, na hatutamnyang'anya. Hodges yeye hakulaumiwa na umma. Mpira uliogusa ncha ya glavu hausahauliki na mwenye glavu, lakini magazetini lilibaki jina la Branca.

Zamu ya Hodges ikafika mwaka uliofuata. Safari hii Dodgers walishinda ligi yao, wakakutana na New York Yankees katika fainali ya michezo saba. Msimu huo Hodges alikuwa amepiga homurani 32. Katika fainali alienda kupiga, akarudi. Akaenda tena, akarudi tena. Majaribio 21, hakuna hata moja lililofanikiwa, na Dodgers wakafungwa katika mchezo wa saba. Msimu wa 1953 ulipoanza, mkosi ukaendelea.

Hapa tunawaomba mafrateri wenzetu na waamini wanaopenda soka watulie kidogo. Tunajua vizuri jinsi mashabiki wanavyomfanyia mshambuliaji aliyekosa penalti. Brooklyn nayo haikuwa na mashabiki wapole. Walikuwa na midomo. Lakini Hodges hawakumzomea. Walimshangilia zaidi kila alipokwenda kupiga, wakamtumia barua, rozari na medali za watakatifu. Dominika moja ya Mei 1953, Padre Herbert Redmond wa kanisa la Mtakatifu Fransisko Ksaveri, Brooklyn, aliwaambia waamini kwamba joto lilikuwa kali mno kwa mahubiri. Akawaagiza waende nyumbani, wazishike amri za Mungu, na wamwombee Gil Hodges. Tunaweza kucheka, na bila shaka wao walicheka. Lakini padre alimtaja mtu aliyeshindwa hadharani bila kumfanya mfano wa kuonya wengine, na watu wakaenda kumwombea.

Hodges akaanza kupiga. Alimaliza msimu na homurani 31, na katika fainali ya mwaka huo alikuwa miongoni mwa wapigaji bora wa timu yake. Haki inatudai tuseme pia kwamba Dressen aliagiza Hodges apigwe picha za filamu akiwa anapiga, zikaonyesha kwamba mguu wake ulikuwa ukiukimbia mpira, naye akausahihisha. Je, ni sala au ni filamu? Mtakatifu Tomaso wa Akwino angelishangaa swali hilo. Sababu ya kwanza haiziondoi sababu za pili kazini. Tuliwahi kulijadili hili bwenini hadi taa zikazimwa, na mwenzetu mmoja bado yuko upande wa filamu.

Tarehe 4 Oktoba 1955 Dodgers na Yankees walifika tena mchezo wa saba wa fainali. Dodgers walishinda kwa 2 dhidi ya 0. Pointi zote mbili zilitokana na mapigo ya Hodges, na mtu wa mwisho alitolewa kwa mpira ambao Pee Wee Reese alimrushia yeye, kituo cha kwanza. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa Brooklyn, na wa pekee, kwani baada ya msimu wa 1957 timu ilihamia Los Angeles.

Baadaye Hodges akawa kocha, kwanza Washington, kisha tangu 1968 New York Mets, timu iliyokuwa kichekesho cha ligi. Mwisho wa msimu huo wa 1968 alipata mshtuko wa moyo, lakini alirudi kazini. Alikuwa mkali bila kelele. Mwaka 1969 aliwahi kutembea taratibu kutoka benchi hadi pembeni kabisa mwa uwanja kumtoa Cleon Jones, mpigaji wake bora, baada ya kuona hakujituma kuufuata mpira. Jones hakumsusia. Oktoba hiyo Mets waliwafunga Baltimore Orioles michezo minne kwa mmoja, wakawa mabingwa. Katika mchezo wa mwisho walikuwa nyuma kwa pointi tatu. Mwamuzi alikataa kwamba mpira ulimgonga Jones mguuni, jambo ambalo lingempa kituo cha bure. Hodges akautoa mpira wenyewe, akamwonyesha alama ya rangi ya kiatu. Mwamuzi akakubali, Donn Clendenon akapiga homurani, na baadaye Al Weis, mtu mwembamba asiyetegemewa kwa mapigo, akapiga nyingine iliyosawazisha. Mets walishinda 5 kwa 3.

Hodges alifariki ghafla kwa mshtuko wa moyo huko West Palm Beach, Florida, tarehe 2 Aprili 1972, Dominika ya Pasaka, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 48. Amezikwa katika makaburi ya Msalaba Mtakatifu, Brooklyn. Waandishi wa michezo walimpigia kura miaka 15 kuingia katika Jumba la Mashujaa wa besiboli huko Cooperstown, na kila mara kura hazikutosha. Kamati maalumu ilimkubali Desemba 2021. Julai 2022 binti yao ndiye aliyesimama kuzungumza kwa niaba ya familia. Mama Joan, aliyekuwa na miaka 95, aliitazama sherehe akiwa nyumbani Brooklyn, na akafariki Septemba ya mwaka huohuo.