Habari za Gustav Stresemann, Aliyetafuta Mapatano

Habari za majemadari walioshinda vita twazisikia mara nyingi, bali za watu waliopatanisha dola zenye uadui ni chache. Basi leo nawasimulia maisha ya Gustav Stresemann, mtu wa Ujerumani. Huyu hakuwa mpatanishi tangu mwanzo. Kwanza alikuwa mshabiki wa vita, kisha akageuka. Na hii ndiyo sababu habari zake zafaa kufikiriwa.

Alizaliwa mjini Berlin tarehe 10 Mei 1878. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya bia, naye kijana alisomeshwa mpaka chuo kikuu. Hata alipotaka kupewa udaktari wa elimu, aliandika juu ya biashara ya bia ya chupa katika mji wao. Mwaka wa 1907 alichaguliwa kuingia baraza la dola, naye hajatimiza miaka 30.

Vita Kuu ilipoanza mwaka wa 1914, Stresemann alitaka ushindi usio na kiasi. Alitaka Ujerumani itwae nchi za jirani zake, na nyambizi zizamishe merikebu pasipo kuzionya. Lakini mwaka wa 1918 Ujerumani ilishindwa. Kwa mkataba wa Versailles wa mwaka wa 1919 ilinyang'anywa sehemu za nchi yake na makoloni yake yote, pamoja na nchi yetu hii, ambamo watu wengi walikuwa wamekufa njiani wakichukua mizigo ya majeshi. Tena ilitozwa fidia kubwa.

Uadui haukukoma. Mwezi wa Januari 1923 Wajerumani walikuwa wamepunguza miti na makaa ya mawe waliyopasiwa kutoa, basi majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yakaingia katika nchi ya Ruhr, penye machimbo na viwanda vya chuma. Wenyeji wakagoma kufanya kazi, na serikali yao ikawalisha kwa kuchapa noti bila kipimo. Fedha ikawa si kitu. Mwezi wa Novemba dola 1 ya Marekani ilibadilishwa kwa mark 4,200,000,000,000. Mzee aliyeweka akiba maisha yake yote hakuweza kununua hata mkate mmoja.

Katika taabu hiyo Stresemann akawekwa kuwa Kansela, tarehe 13 Agosti 1923. Aliona ya kuwa ugomvi ule unawaua watu wake mwenyewe. Basi tarehe 26 Septemba akatangaza mgomo ukome, ingawa Wafaransa hawakuwa wamempa neno lo lote badala yake. Wengi wakamwita msaliti. Serikali yake ilileta fedha mpya, bei zikatulia. Lakini baada ya miezi mitatu na siku chache akaondolewa katika ukansela. Hata hivyo aliendelea kuwa waziri wa mambo ya nje mpaka kufa kwake.

Mwaka wa 1924 mataifa yalipatana juu ya njia mpya ya kulipa fidia, kwa kadiri ya uwezo wa Ujerumani, na mwaka uliofuata majeshi yakatoka Ruhr. Hapo Stresemann akafahamu jambo ambalo wengi hawakulifahamu. Wafaransa walikuwa na hofu, maana nchi yao ilikuwa imeingiwa na majeshi ya Wajerumani mwaka wa 1870, tena mwaka wa 1914. Mtu mwenye hofu haweki silaha chini kwa kukemewa. Basi mwezi wa Februari 1925 Stresemann alitoa shauri kwamba Ujerumani, kwa hiari yake, iukubali mpaka wa magharibi, na isidai tena Alsace na Lorraine kwa nguvu.

Mwezi wa Oktoba mawaziri wakakutana Locarno, mji wa Uswisi ulio kando ya ziwa. Palikuwapo Aristide Briand wa Ufaransa na Austen Chamberlain wa Uingereza. Siku moja walipanda chombo pamoja, wakazungumza ziwani, mbali na wasikilizaji. Ujerumani, Ufaransa na Ubelgiji zikaahidi kutoshambuliana, nazo Uingereza na Italia zikawa wadhamini. Mwezi wa Septemba 1926 Ujerumani ikapokelewa katika Shirikisho la Mataifa huko Geneva, na mwaka huo Briand na Stresemann wakapewa pamoja tuzo ya amani ya Nobel.

Walakini yafaa kusema kweli yote. Upande wa mashariki hakufanya vivyo hivyo. Aliahidi magomvi na Poland yapelekwe kwa waamuzi, lakini mpaka wenyewe hakuukubali, akitumaini ya kuwa siku moja utabadilishwa. Mlango mmoja ulifungwa, wa pili ukabaki wazi.

Miaka ile yote alikuwa mgonjwa, wala hakupumzika. Mwezi wa Agosti 1929, huko The Hague, alipata ahadi kwamba majeshi ya kigeni yatatoka katika nchi ya Rhine kabla ya wakati uliopangwa, miaka 5 mbele. Tarehe 3 Oktoba akafa kwa kiharusi, mwenye umri wa miaka 51. Askari wa mwisho waliondoka tarehe 30 Juni 1930. Yeye hakuiona siku ile.

Baadaye Hitler alishika utawala mwaka wa 1933. Mwaka wa 1936 aliuvunja mkataba wa Locarno, na mwaka wa 1939 vita ikaanza kwa kushambuliwa Poland, yaani kwa mlango ule uliobaki wazi.

Je, kazi yake ilikuwa bure? Tarehe 22 Januari 1963 Konrad Adenauer wa Ujerumani na Charles de Gaulle wa Ufaransa walitia sahihi mkataba wa urafiki mjini Paris, na tangu hapo mataifa hayo mawili hayakuinuliana silaha. Njia waliyoipita ilikuwa imekwisha kufyekwa mara moja, ikaota majani. Tukumbuke basi: hofu ya adui ni mzigo unaotulemea na sisi pia, na anayeanza kuutua huitwa msaliti na watu wake. Lakini asipopatikana mmoja wa kuanza, wote wataendelea kuuchukua.