Michelangelo na Lipu Iliyoota Ukungu

Aghalabu tunapowasimulia wanafunzi habari za mabingwa, huwaonyesha kilele tu na kuzificha ngazi walizopandia. Nionavyo mimi, hilo ni kosa, na maisha ya Michelangelo yananiunga mkono.

Alizaliwa mwaka wa 1475 huko Caprese, Italia. Ingawa utotoni alijifunza uchoraji, alijihesabu kuwa mchonga mawe. Papa Julius wa Pili alipomwagiza mwaka wa 1508 aipambe dari ya Kikanisa cha Sistine, mjini Roma, aliipokea kazi hiyo shingo upande, kwani uzoefu wake wa kuchora juu ya lipu mbichi ulikuwa haba.

Sanaa hiyo haina masihara. Chokaa huchanganywa na mchanga, au na jivu la volkano kama ilivyokuwa desturi ya Roma, kisha hupakwa na kulainishwa kwa mwiko. Rangi iliyokorogwa kwa maji hutiwa lipu ingali na unyevu. Chokaa inapokauka huvuta kabonidayoksaidi iliyomo hewani, ikawa ngumu kama jiwe na kuifumbata rangi. Kwa hiyo fundi hupaka lipu ya kumtosha siku hiyo tu. Inayobaki bila kuchorwa hukatwa na kutupwa.

Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kwamba alikuwa akichora Gharika ya Nuhu lipu yake ilipoota ukungu. Alikata tamaa, akamwendea Papa kuomba aachiliwe. Papa akamtuma msanifu Giuliano da Sangallo, naye akagundua kwamba lipu ilikuwa imetiwa maji kupita kiasi, akamwonyesha dawa yake. Sehemu ya picha ilibomolewa ikachorwa upya. Mwaka wa 1512 dari ilikamilika, na hadi leo watu huinua nyuso zao kuitazama. Michelangelo alifariki mwaka wa 1564, akiwa na umri wa miaka 88.

Walimu wenzangu, je, sisi tunamfuata Sangallo? Mtoto akikosea hesabu, twapitisha kalamu nyekundu na kusonga mbele, bila kuchunguza ni wapi maji yalipozidi. Nanyi wanafunzi, msione haya kubomoa kazi mbovu na kuianza upya. Wahenga hawakukosea: kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.