Edel Quinn: Mgonjwa Aliyesali na Hakupona



Tunapowatembelea wagonjwa mjini Ifakara na katika vigango vya bonde la Kilombero, swali moja hutujia mara nyingi kuliko mengine, nalo halitoki kwa wasiosali. Hulitoa mama aliyemaliza novena tatu na mtoto wake hajapata nafuu: je, sala inafaa kitu? Tunakiri kwamba iko siku tulilijibu haraka mno. Katika miaka ya mwanzo ya upadre wetu tulimwambia mfiwa mmoja kwamba pengine sala yake ilipungukiwa imani. Alinyamaza, na kwa muda mrefu hatukumwona tena kanisani. Tangu hapo tumeona ni heri kusimulia maisha ya Edel Quinn, ambaye Wanalejio wetu wanalijua jina lake vizuri, ingawa wengi hawaujui ugonjwa wake.

Alizaliwa tarehe 14 Septemba 1907 huko Kanturk, Ireland, binti wa mtumishi wa benki. Akiwa kijana alifanya kazi ya ukatibu katika ofisi moja mjini Dublin. Tajiri wake, Mfaransa, alimposa. Naye akakataa kwa upole, kwa kuwa moyo wake ulikuwa tayari umeelekea kwenye monasteri ya Masista Waklara huko Belfast. Alichelewa kuingia kwa sababu nyumbani walihitaji mshahara wake. Katika kungoja huko akajiunga na Lejio ya Maria, chama kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921, akawatembelea wanawake ambao watu waliona haya hata kuwasalimu.

Mwaka 1932, siku ya kuingia monasterini ikiwa karibu, alitokwa na damu kifuani. Kilikuwa kifua kikuu. Akalazwa katika sanatoriamu kwa muda wa miezi kumi na minane hivi, na tiba ya wakati ule ilikuwa kupumzika, kula vizuri na kuvuta hewa safi. Alitoka akiwa hajapona, na mlango wa monasteri ukawa umefungwa.

Hapa tunaomba msomaji asikimbilie mbele. Edel aliomba jambo jema, ambalo Kanisa lenyewe hulisifu, akaliomba kwa miaka, asilipate. Ni rahisi kwetu leo kusema kwamba Mungu alikuwa akimwandalia Afrika. Sisi tunayatazama maisha yake kutoka mwisho wake. Aliyelala kitandani mwaka 1932 hakuiona Afrika, aliona dari. Anayempa mgonjwa maelezo ya namna hiyo kabla ya wakati wake humwongezea mzigo, hata kama maelezo yenyewe ni ya kweli. Mtume Paulo naye aliomba mara tatu mwiba uondolewe katika mwili wake, na mwiba ukabaki. Wala hatujasikia mtu akisema Paulo alikuwa na imani haba.

Mwaka 1936 viongozi wa Lejio walijadili kumtuma Edel awe mjumbe wao katika Afrika ya Mashariki. Wengine walipinga, tena kwa hoja nzito: huyu ni mgonjwa, safari itamwua. Waliokuwa na shaka hawakukosea, maana ugonjwa ule ndio uliomwua. Waliomwamini hawakukosea pia. Alishuka Mombasa mwezi Novemba mwaka ule, akaifanya Nairobi kituo chake, na kwa gari kuukuu la Ford, akiendeshwa na dereva Mwislamu, akapita katika barabara ambazo sisi wa Kilombero hatuhitaji kuelezwa zilivyokuwa wakati wa masika. Alifanya kazi Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, akafika hadi kisiwa cha Mauritius. Presidia alizozianzisha zilikuwa mamia, nyingi zikiongozwa na Waafrika walei wakati ambapo walei hawakutazamiwa kuongoza.

Mwaka 1941 nguvu zilimwishia huko Nyasaland, akapelekwa katika sanatoriamu Johannesburg. Hakuwakimbia waganga. Alikubali kitanda, akakubali kukatazwa kazi, na huku akasali. Mwaka 1943 alirejea Nairobi akiwa dhaifu sana, na tarehe 12 Mei 1944 akafariki dunia, umri wake miaka 36.

Sasa tutaje jambo linalotukosesha usingizi kidogo. Mwezi Oktoba 1943, miezi saba kabla ya kifo chake, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Rutgers nchini Marekani, ilipatikana streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kuuangamiza ugonjwa wa kifua kikuu. Ilianza kuwafikia wagonjwa Edel akiwa tayari kaburini. Kwa nini isitangulie kidogo? Hatujui, na hatutamtungia Mungu jibu. Lakini ndiyo sababu tunahuzunika tunapomkuta mgonjwa wa kifua kikuu ameziacha dawa zake katika mwezi wa pili wa matibabu ya miezi sita, kwa kuwa mhubiri mmoja amemtangazia kwamba amekwisha kupona. Edel hakupewa nafasi ya kuzimeza dawa hizo. Huyu anazo kabatini.

Tukirudi kwa mama wa novena: je, yawezekana kuipima sala? Watu wa bonde letu wanajua kupima ni nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watoto wa kijiji cha Idete walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria: kundi moja likachomwa chanjo, jingine sindano isiyo na chanjo hiyo, kisha wakahesabiwa walioumwa. Mwaka 1994 matokeo yakatangazwa kwamba ilikinga kwa sehemu. Majaribio ya baadaye mahali pengine hayakuthibitisha tumaini hilo, na chanjo ikaachwa. Hivyo ndivyo dawa inavyopimwa, nasi twashukuru. Lakini dawa haina hiari. Sala ni kumwomba Baba, na Baba aweza kukataa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatushangaa kidogo kwamba tunapomsifu Mungu hatuulizi kama sifa zimefika, ila tunapoomba tu ndipo tunapodai matokeo.

Hata hivyo Kanisa haliogopi kuchunguza. Tarehe 15 Desemba 1994, Papa Yohane Paulo wa Pili aliidhinisha hati ya kutambua fadhila za kishujaa za Edel Quinn. Ili atangazwe Mwenyeheri unatakiwa muujiza, na kama ni uponyaji, Roma huupeleka kwanza kwa jopo la madaktari. Hao huulizwa kama ugonjwa ulikuwa wa hakika, kama kupona kulikuwa kwa ghafla, kamili na kwa kudumu, na kama tiba yoyote yaweza kueleza kilichotokea. Kwa kanuni za mwaka 2016, jopo likiwa na wataalamu saba, watano lazima wakubaliane kwamba sayansi haina maelezo. Zamani alikuwapo hata ofisa wa kuleta pingamizi, ambaye watu walimwita kwa utani mtetezi wa shetani. Kanisa lina shaka nyingi kuliko majirani zetu wengi wanaotangaza miujiza kwa vipaza sauti.

Hadi tunapoandika haya, Edel hajatangazwa Mwenyeheri. Aliyesali asipone anangoja mwingine asali apone. Wanalejio wa jimbo letu wanaendelea kumwomba kila juma, nasi pamoja nao. Atakayepata uponyaji anaoudhani ni kwa maombezi yake, amwone paroko wake, na asije mikono mitupu: alete vyeti vyote vya hospitali, vya kabla na vya baada.