Fausto Coppi: Kijana wa Bucha Aliyeangushwa na Mbu

Ndugu zetu mlioko nyumbani na ninyi mlioko mbali, kila mwaka katika kijitabu hiki tunasimulia maisha ya mtu aliyetoka mahali padogo akafika mbali. Mwaka huu mchango wetu unakwenda kwenye maabara ya zahanati. Kwa sababu hiyo tumemchagua mwendesha baiskeli wa Italia, Fausto Coppi. Mkifika mwisho mtaona kwa nini.

Coppi alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 katika kijiji cha Castellania, juu ya vilima vya Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alikuwa mtoto wa nne kati ya watano. Akiwa na miaka 13 aliacha shule, akaenda kufanya kazi kwenye bucha katika mji wa Novi Ligure. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wateja mizigo kwa baiskeli, mvua inyeshe au jua liwake. Miguu yake ikapata mazoezi kabla hajampata mwalimu.

Baiskeli ya mashindano ilikuwa ghali kwa familia ya mkulima. Aliyeokoa jahazi ni ami yake, aliyekuwa nahodha wa meli za biashara na ambaye naye aliitwa Fausto Coppi. Yeye na baba wa kijana walichanga fedha, baiskeli ikanunuliwa. Wanaotuma chochote nyumbani kutoka ugenini wasidhani kuwa ni kidogo.

Pale Novi Ligure aliishi Biagio Cavanna, mkandaji wa misuli ya wanamichezo aliyekuwa kipofu. Cavanna alimpapasa kijana huyo mwembamba mwenye miguu mirefu, akatambua kipaji chake kwa vidole. Akamfundisha kula, kulala na kufanya mazoezi kwa mpango.

Siku hizo sikukuu ya mji katika Italia na Ufaransa haikunoga bila mbio za baiskeli. Barabara zilifungwa, waendeshaji wakauzunguka mji mara nyingi, na watu wakashangilia wakiwa milangoni mwao. Coppi alianzia kwenye mbio ndogo. Inasimuliwa kwamba zawadi yake ya kwanza ilikuwa lira 20 na mkate wenye salami.

Mwaka 1940 alichukuliwa na timu ya bingwa Gino Bartali ili awe msaidizi wake. Msaidizi huyo, akiwa na miaka 20 tu, ndiye aliyeshinda Mbio za Kuzunguka Italia. Mwaka 1942 aliweka rekodi ya dunia mjini Milano kwa kuendesha zaidi ya kilomita 45 katika saa moja, na rekodi hiyo ilidumu hadi 1956. Kisha vita vikamchukua. Alipelekwa Afrika Kaskazini akiwa askari, na mwaka 1943 akatekwa na Waingereza.

Aliporudi hakushikika. Mwaka 1946 alishinda mbio za Milano hadi San Remo akimwacha wa pili kwa dakika 14. Mbio za Italia alizishinda mara tano kwa jumla, na zile za Ufaransa mara mbili. Mwaka 1949 alikuwa mtu wa kwanza kushinda zote mbili katika mwaka mmoja, akarudia mwaka 1952. Mwaka 1953 akawa bingwa wa dunia. Katikati ya sifa hizo alipata msiba mzito: mdogo wake Serse, mwendesha baiskeli mwenzake, alianguka mashindanoni mwaka 1951 akafariki.

Hata mabingwa wakubwa waliendelea kualikwa kwenye mbio za sikukuu za miji. Walilipwa ili waonekane, na kwa wengi hicho ndicho kilikuwa kipato kikubwa. Mwaliko wa namna hiyo ulimfikisha Coppi Ouagadougou, katika nchi ambayo leo ni Burkina Faso, mwezi Desemba 1959. Alikuwa na miaka 40 na nguvu zimepungua. Alikwenda pamoja na Wafaransa kadhaa, wakiwemo Jacques Anquetil na Raphaël Geminiani. Walishindana na waendeshaji wa huko, kisha wakaenda kuwinda. Usiku mbu waliwauma.

Baada ya kurudi Ulaya, Coppi na Geminiani wote wawili walishikwa na homa kali. Kule Ufaransa, Geminiani alipoteza fahamu. Damu yake ilipimwa, vimelea vya malaria vikaonekana, akapewa kwinini akapona. Kule Italia, madaktari walimtibu Coppi kwa magonjwa mengine. Inasimuliwa kwamba jamaa za Geminiani walipiga simu kutoa habari ya malaria, lakini hazikutiliwa maanani. Tarehe 2 Januari 1960, Fausto Coppi alifariki katika hospitali ya Tortona, si mbali na kijiji alikozaliwa.

Geminiani aliishi hadi mwaka 2024, akafariki akiwa na miaka 98. Watu wawili, safari moja, ugonjwa mmoja. Mmoja alipimwa damu kwa wakati akaongezewa miaka 64. Mwingine hakupimwa.

Coppi alizikwa Castellania, naye Serse yuko pembeni yake. Kijiji hicho kina watu wasiofika mia moja, lakini hakikumsahau. Nyumba yake imekuwa makumbusho, na mwaka 2019, ilipotimia miaka mia tangu azaliwe, kijiji kiliongeza jina lake kwenye jina lake chenyewe: sasa kinaitwa Castellania Coppi.

Sisi malaria hatuihitaji kuifuata ugenini, tunaishi nayo. Hata hivyo, wapo watoto wetu ambao homa zao bado zinatibiwa kwa kukisia. Hadubini, vipimo vya haraka na mtaalamu wa kuvitumia ndivyo vitakavyotenganisha njia ya Geminiani na njia ya Coppi hapa kwetu. Mwanzo wa Coppi ulikuwa mchango wa ndugu aliyekuwa mbali. Tunaomba na wewe uchangie, kidogo au kikubwa, ili kijana wetu anayebeba mizigo kwa baiskeli leo asikatishwe safari na mbu.